Kweli au Uongo: Kuzoesha Injini ya Turbo Kabla ya Kupanda Subuiga

Isiolo ni mji wa safari ndefu. Lori la ng'ombe linaloshuka kutoka Marsabit, Land Cruiser ya kwenda Merti, Prado ya mfanyabiashara wa Garba Tula, Subaru Forester ya kijana anayetaka kufika Nanyuki kabla ya wenzake: kila moja ina siku yake ya kufunguliwa injini. Bloku hupelekwa kwa mwenye mashine ikachongwa, pistoni na ringi mpya zikanunuliwa, hedi ikasawazishwa, turbo ikatengenezwa. Pesa nyingi zimekwenda. Halafu injini inawaka, na kila anayepita gereji ana ushauri wa kukuachia.

Baadhi ya ushauri huo ulifaa zama za Peugeot 404, injini isiyo na turbo, kwa oili za wakati ule. Mwingine haukufaa wakati wowote. Hapa nimeuchambua ule unaosikika zaidi, na sikuupa nafasi sawa, kwa sababu hasara zake si sawa.

"Isizidi kilomita 60 kwa saa mpaka imalize kilomita elfu moja"

Uongo, na kwangu mimi ndio wenye hasara kuliko yote.

Watu hudhani ringi hubana ukuta wa silinda kwa nguvu ya mkunjo wake tu. Mkunjo huo ni mdogo. Kinachoibana ringi ya juu hasa ni gesi ya mwako: hupenya nyuma ya ringi na kuisukuma nje, ikakaza dhidi ya ukuta. Aliyechonga silinda zako ameacha mikwaruzo myembamba inayokatana. Ncha za mikwaruzo hiyo zinatakiwa kusagwa na ringi zikae sawa, na mabonde yake yabaki kushika oili. Kazi hiyo hufanyika mapema sana, sehemu kubwa katika saa chache za kwanza, na huhitaji shinikizo. Ukiendesha kwa mguu mwepesi muda wote, shinikizo halipatikani, ringi zinateleza juu ya oili, oili inaungua ukutani na kuacha utando unaong'aa kama kioo. Ukuta ukishang'aa hivyo, ringi hazikai tena. Injini itakula oili miaka yote, na dawa ni kuifungua upya.

Kwa hiyo injini mpya inataka kazi, ila kazi iliyopimwa. Na Isiolo imebarikiwa barabara ya kuifanyia. Lami ya A2 kuelekea kaskazini ni nzuri, na kipande cha kwanza, kutoka mjini hadi Mto Merille, ni kilomita 136. Magari si mengi, na hakuna mlima wa kutisha. Acha injini ipate joto lake la kawaida, toka mjini, weka gia ya tatu au ya nne. Kwa dizeli ya Prado au Land Cruiser, kanyaga nusu hadi robo tatu kutoka mizunguko 1,500 kwa dakika hadi karibu 3,000, kisha achilia kabisa, gari lipungue mwendo lenyewe likiwa kwenye gia. Rudia. Injini ya petroli ipandishe kidogo zaidi, lakini usikaribie mstari mwekundu. Ukiachilia, injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu dhidi ya mlango wa hewa uliofungwa, na mvuto huo hupandisha oili kidogo kwenye ringi na kuzipoza. Dizeli nyingi hazina mlango huo, kwa hiyo kwao kuachilia ni kupumzika tu. Hata hivyo pumziko linahitajika, kwa sababu chuma kinachosagana kwa mara ya kwanza hutoa joto jingi.

Mambo matatu uyaepuke: mwendo mmoja usiobadilika kwa saa nzima, kuvuta mzigo mzito, na kulazimisha gia kubwa gari likiwa limelemewa. Mwenye lori asilitoe tupu kabisa, kwa kuwa injini kubwa isiyo na mzigo haipati shinikizo la maana. Nusu ya mzigo wa kawaida inatosha. Kupanda mlima wa Subuiga, kwenye barabara ya Nanyuki, na ng'ombe mgongoni kusubiri mpaka kilomita mia kadhaa zipite.

"Iwashe, uiache ikiunguruma mpaka asubuhi"

Uongo mtupu. Ni kosa lile la kwanza, ila bila hata kutoka gereji. Injini ikiunguruma mahali pamoja, mwako ni dhaifu na pampu ya oili inazunguka polepole. Injini za zamani zenye kamshafti inayosugua moja kwa moja kwenye tapeti bapa zilihitaji dakika 20 hivi za mwanzo bila kuzimwa, lakini kwa mizunguko karibu 2,000, ili kamshafti irushiwe oili ya kutosha. Huenda hapo ndipo habari ya "kuiacha iwake" ilipoanzia, kisha ikapotezwa njiani.

"Toa thamostati, huku kwetu ni joto"

Hii ni imani ya Afrika Mashariki nzima, na kwa Isiolo, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30, inaonekana ina mantiki. Ni uongo. Thamostati haichemshi injini. Kazi yake ni kuifikisha haraka kwenye joto iliyoundiwa, mara nyingi nyuzi 80 na kitu, kisha kufungua njia ya radieta. Ukiitoa, maji hupita radieta tangu sekunde ya kwanza. Asubuhi injini inakaa baridi kwa muda mrefu, pistoni hazijatanuka kufikia kipimo chake, na mafuta yasiyoungua vizuri yanaosha oili kwenye kuta za silinda. Kwa injini ya zamani ni uchakavu wa polepole. Kwa injini ambayo ringi zake hazijakaa, unaiharibu katika wiki ile ile unayotaka kuijenga. Kuna injini nyingine ambazo thamostati yake, ikifunguka, huziba njia ya mzunguko mfupi. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita radieta, na gari linachemka zaidi kuliko kabla.

Injini inayochemka Isiolo ina sababu nyingine: radieta iliyojaa chokaa ya maji ya kisima, feni ambayo klachi yake imechoka, kifuniko cha radieta kisichoshika shinikizo. Weka dawa ya radieta iliyochanganywa na maji safi. Usitoe kilichowekwa na waliounda injini.

"Ikishafungwa, piga stata tu, oili itafika"

Itafika, lakini kwa kuchelewa, na turbo haisamehe kuchelewa. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nyingine hukaribia 200,000, na beringi zake huelea juu ya utando wa oili. Hakuna utando, hakuna turbo. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mimina oili safi kwenye tundu la oili lililo juu ya turbo, uzungushe shafti kwa kidole. Kata mafuta: kwenye dizeli za zamani chomoa waya wa solenoidi ya pampu, kwenye petroli toa fyuzi ya pampu ya mafuta. Halafu zungusha kwa stata, kwa vipindi vifupi, mpaka taa ya oili izime au sindano ya shinikizo ipande. Ndipo urudishe mafuta.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka, nami sitalipita. Turbo mpya nyingi huuawa na gari lenyewe, si na ubovu wa kiwandani. Turbo ya kwanza ilipovunjika, vipande vyake viliingia kwenye mabomba na kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), na hapo ndipo bado vilipo. Bomba jembamba la kupeleka oili limejaa oili iliyogeuka makaa. Na ile gundi ya silikoni nyekundu, inayopakwa kwa ukarimu kwenye kila gasketi, hukatika vipande ndani ya injini na kwenda kuziba bomba hilo hilo. Ukiona gundi nyekundu imefura nje ya kifuniko, ujue kiasi kama hicho kimefura ndani pia. Nunua bomba jipya la oili la turbo. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya turbo. Mabomba ya hewa na intakula vioshwe mpaka kisitoke kitu.

"Toa turbo kwanza, irudishwe injini ikizoea"

Uongo. Injini ya turbo isiyo na turbo ni dhaifu, kipimo chake cha mafuta hakipatani na hewa, na unakosa lile shinikizo linalokaza ringi. Iache mahali pake, ila ipunguze: chemchemi ya mlango wa kupunguzia shinikizo la turbo (wastegate) iwe kwenye kiwango cha chini cha kiwandani, na wewe usikanyage hadi chini.

"Oili ya sintetiki ya bei ghali tangu siku ya kwanza"

Kuna magari ya kisasa yanayotoka kiwandani na oili ya sintetiki, kwa hiyo haiui injini. Lakini silinda zilizochongwa kwenye mashine ya mjini si sawa na za kiwandani, na wajenzi wengi wa injini hupendelea oili ya kawaida ya madini kwa kilomita za mwanzo, ili ringi zisage vizuri. Jambo kubwa kuliko aina ni kuimwaga mapema. Oili ya kwanza hubeba vumbi la chuma na mabaki ya kuchonga. Imwage baada ya matembezi yale ya kwanza, pamoja na filta. Ibadilishe tena karibu kilomita 500, na mara nyingine karibu 1,000. Lile filta la kwanza likate, ulifungue, utazame karatasi yake juani. Unga mwembamba wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, hasa vya rangi ya shaba, maana yake ni beringi, na gari lisiende popote.

Wale wanaomimina oili nzito kama uji kwa sababu ya joto, wafuate kitabu cha gari. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika kwenye turbo kila asubuhi.

"Moshi wa buluu wiki ya kwanza ni kawaida"

Kweli, lakini usimpe fundi wiki tano. Moshi kidogo wa buluu katika kilomita za kwanza ni ringi ambazo hazijakaa, pamoja na oili iliyopakwa wakati wa kufunga. Uwe unapungua. Ukibaki vile vile baada ya kilomita elfu moja, pima mgandamizo wa kila silinda, na ufungue kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma. Pumzi nzito inayotoka kwa mapigo inasema gesi inapita kwenye ringi. Ukikuta pumzi ni ndogo na mgandamizo ni mzuri, mshuku sili za turbo au mpira wa valvu kabla ya kulaumu pistoni.

"Ongeza mafuta, injini itapoa"

Hapa fundi wa Forester ya petroli na fundi wa Prado ya dizeli wanaweza kupeana ushauri kwa nia njema kabisa na wakaua gari moja kati ya yale mawili.

Kwa petroli ni kweli, kwa kiasi. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, kwa uzito. Turbo ikisukuma kwa nguvu, mrekebishaji hushusha uwiano hadi karibu 11.5 au 12, makusudi. Petroli ya ziada inapogeuka mvuke hunyonya joto na kuzuia mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati. Mlipuko huo wa mapema ndio unaovunja kingo za pistoni kwenye Subaru zilizoongezewa nguvu bila kurekebishiwa mafuta.

Kwa dizeli ni kinyume. Dizeli kwa kawaida hufanya kazi na hewa ya ziada, na tone unaloongeza hukuta hewa ya kuungua nayo, mpaka hewa ipungue. Mafuta zaidi ni moto zaidi. Anayefungua skrubu ya pampu nusu mzunguko ili "ivute" hapozi kitu. Ule moshi mweusi ambao vijana huusifu kama ishara ya nguvu ni mafuta yaliyokosa hewa, na huko ndani joto limepanda. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni huishi kwa sababu tu moto huja na kuondoka, na oili hupoza tumbo lake. Kabla hujagusa pampu, funga kipimo cha joto la gesi kabla ya turbo. Sindano ikikaa juu ya nyuzi 700 kwa muda, umeshapita mpaka.

Mwenye gari la komputa asidhani limesamehewa. Katika mwendo mwepesi komputa husikiliza kihisi cha oksijeni na kujirekebisha kidogo. Ukikanyaga hadi chini, magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 na 2000 hufuata jedwali lililoandikwa, bila kuuliza. Ukibadilisha injekta au turbo bila kubadilisha jedwali, hakuna wa kukuokoa. Jedwali salama liwekwe kabla ya kutoka gereji. Kutafuta nguvu kusubiri ringi zikae.

"Gari la turbo halijui mlima"

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ni hesabu. Isiolo iko kama mita 1,100 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapo ni karibu bari 0.89. Ukipanda hadi Subuiga na kuelekea Timau, unapita mita 2,000, ambako ni chini ya bari 0.8. Gari lisilo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kile kile cha hewa. Lenye turbo huvumilia kwa sababu turbo huzunguka kwa kasi zaidi kujazia upungufu. Haivumilii bure: inachoka zaidi, na hewa inayotoka ni moto zaidi.

Hatari kubwa iko kwenye kuteremka. Tuseme Forester imerekebishwa Nairobi, mita 1,700 hivi, turbo ikiongeza bari 0.7 juu ya hewa ya nje kwa mlango wa kupunguzia wenye chemchemi tu. Kule injini inapokea jumla ya bari 1.52. Iendeshe Mombasa bila kugusa kitu: hewa ya nje ni bari 1.01, jumla inakuwa 1.71. Hiyo ni asilimia 12 zaidi, na kipimo cha dashibodi bado kinaonyesha 0.7 ile ile. Gari lililokuwa tulivu Nairobi linaanza kugonga Mombasa, na mwenye gari analaumu petroli ya kituo cha mwisho. Mrekebishaji mwangalifu humuuliza mteja anakoendesha kabla hajauliza anataka nguvu kiasi gani.

"Usizime mpaka iungurume dakika tano"

Inategemea umetoka upande gani. Ukitoka Nanyuki, kipande cha mwisho unashuka mpaka Isiolo, mguu umekaa mbali na mafuta, na turbo imepoa kabla hujafika kituo cha matatu. Sekunde 30 zinatosha, na hata hizo ni adabu tu. Lakini ukipanda kutoka Isiolo na mzigo, ukasimama Subuiga ununue viazi, hapo acha iungurume dakika mbili tatu. Ukizima ghafla, oili iliyosimama ndani ya turbo inaungua kuwa makaa. Kule kwenye tambarare, ukipunguza mwendo kilomita ya mwisho, umeshamaliza kazi.

"Filta ni breki ya hewa, itoe, injini ipumue"

Sipendi kutumia neno ujinga, lakini kwa Isiolo sina jingine. Vumbi letu lina chembe za mchanga, ngumu kuliko chuma cha silinda. Kabla lami ya kwenda Moyale haijakamilika, magari ya msafara yalikuwa yakimezeshana vumbi kutwa. Leo barabara kuu ni safi, ila ukigeuka kuelekea Merti au Oldonyiro hadithi ni ile ile. Injini mpya yenye bomba lililopasuka baina ya filta na turbo huweza kuzeeka katika safari chache, na makali ya feni ya turbo huliwa mpaka kuwa butu.

Chukua kitambaa cheupe, ufute ndani ya bomba baada ya filta. Wekundu wowote wa vumbi ni uvujaji: klempu, ufa, au filta la bei rahisi lisilokaa vizuri kwenye nyumba yake. Na usilipulize filta la karatasi kwa kompresa ukaliona jipya. Karatasi hutoboka matundu usiyoyaona. Filta lenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko jipya, mpaka lizibe. Libadilishe likiziba.

"Turbo haifai Kenya, na 1HZ ukiifunga turbo inakuwa 1HD"

Hizi ni imani mbili zinazopingana, na mara nyingine mtu mmoja huzishika zote. Ya kwanza imekanushwa zamani: Toyota Celica yenye turbo ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, na Mkenya Ian Duncan akashinda mwaka 1994 kwa Celica ya turbo. Vumbi, joto na mito ya Kenya vyote vilikuwemo.

Ya pili ina hatari zaidi, kwa kuwa Land Cruiser ya 1HZ ndiyo mfalme wa kaskazini na wengi wanatamani iwe na nguvu. 1HZ na 1HD-T zote ni injini za lita 4.2, silinda sita, na ukiziangalia kwa nje ni kama ndugu. Kwa ndani, 1HZ huwashia mafuta kwenye chumba kidogo cha pembeni, kwa mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1. 1HD-T hunyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwa mgandamizo wa karibu 18.6. Turbo juu ya mgandamizo wa 22 hupasua vile vyumba vya pembeni na kuchoma pistoni mtu akiwa na tamaa. Inawezekana kufunga turbo kwenye 1HZ, na wapo wanaoendesha hivyo miaka mingi: shinikizo dogo, karibu bari nusu, pampu isifunguliwe zaidi ya hewa iliyopo, na kipimo cha joto la gesi kiwe mbele ya macho ya dereva. Kipimo hicho kikikaribia 700 ukiwa kwenye mlima wa Subuiga, teremsha gia moja, inua mguu, na uache lori lililo nyuma yako lipige honi.